Terengganu, Pwani Inayofungwa na Upepo

Novemba inapoingia, wenyeji wa visiwa vya Perhentian huanza kazi ambayo mgeni wa Julai hawezi kuiwazia. Magodoro husimamishwa ukutani, jenereta hufunikwa maturubai, boti huburutwa juu kabisa mchangani, na vibanda vya wageni hufungwa kimoja baada ya kingine. Kisha wengi huvuka kwenda bara. Maji yaliyokuwa maangavu, hata mtu akaona kivuli cha boti kikitambaa juu ya matumbawe, sasa yanapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyekimbia. Mvua hunyesha kutwa kucha. Mambo huendelea hivyo hadi Februari, mara nyingine Machi, na muda wote huo biashara ya visiwani hulala.

Wamalei wanakiita kipindi hiki musim tengkujuh. Neno la kwanza halihitaji mkalimani: ni msimu wetu huu huu, lililotoka kwenye mawsim ya Kiarabu na kupakiwa katika vyombo viwili, kimoja kikaelekea Lamu, kingine Asia ya mbali. Upepo wenyewe nao si mgeni. Ni kaskazi. Katika pwani ya Waswahili, kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na huvuma huku jua likichoma. Katika pwani ya mashariki ya Rasi ya Malay, upepo wa upande huohuo hufika ukiwa umevuka bahari pana na kujitwisha maji, na mzigo huo huutua juu ya jimbo la Terengganu. Baraka huku, mafuriko kule.

Kwa hiyo anayetaka kuzuru Terengganu na afungue kalenda kabla ya ramani. Aprili hadi Septemba ndiyo miezi yake. Oktoba ni kubahatisha.

Jimbo hili ni mojawapo ya 13 yanayounda Malaysia, nalo linatazama Bahari ya China Kusini kwa ufuko unaozidi kilomita 200. Watalii wengi hawafiki huku. Huishia upande wa magharibi, Penang, Langkawi na Malacca, ambako hoteli zimesongamana na starehe za usiku hazikomi. Terengganu ni ya Wamalei kwa zaidi ya asilimia 90, Waislamu washika dini, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Hata Kimalei chao kina lafudhi yake. Samaki, ambaye kwingine ni ikan, hapa humalizikia puani na kuwa ikang. Kula, yaani makan, huwa makang. Watu wa Kuala Lumpur huwatania kwa hilo, nao hawajali.

Si pwani ya jana. Mwaka 1225 ofisa mmoja wa China aliyesimamia biashara ya bandarini, Zhao Rugua, alikusanya habari za nchi za mbali kutoka kwa mabaharia na wafanyabiashara, akaandika kitabu kiitwacho Zhu Fan Zhi. Humo Terengganu imetajwa miongoni mwa nchi zilizokuwa chini ya dola ya Srivijaya. Kurasa kadhaa mbele, katika kitabu hichohicho, kuna habari za nchi aliyoiita Cengba, ambayo wanazuoni wanaitambua kuwa ni pwani ya Zanzibar. Zhao mwenyewe hakufika kokote kati ya hizo mbili. Aliketi bandarini, akauliza, akaandika. Na hivyo pwani hizi mbili zikalala pamoja ndani ya jalada moja.

Kama mgeni ana asubuhi moja tu ya kutumia mjini Kuala Terengganu, makao makuu ya jimbo, asiimalizie dukani. Aende Losong, kwenye Makumbusho ya Jimbo la Terengganu, yaliyojengwa kando ya mto katika uwanja wa hekta 27. Majengo yake makubwa yamesimama juu ya nguzo, mapaa yamechongoka kwa mtindo wa nyumba za kale za huko, na nje kuna vyombo vya baharini vilivyopumzishwa na jumba la kifalme la mbao. Yote hayo yanafaa kutazamwa. Lakini kitu chenyewe kimo ndani, nacho hakijafika hata mita moja kwa urefu.

Ni jiwe. Wamalei wanaliita Batu Bersurat, jiwe lenye maandishi. Lina uzito unaopita kilo 200, limevunjika kichwani, na pande zake zote nne zimechorwa herufi. Mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mafuriko kupungua huko Kuala Berang, bara kidogo kutoka pwani, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Sayid Husin bin Ghulam al-Bukhari aliligundua kando ya mto Tersat. Inasimuliwa kuwa wanakijiji walikuwa wameliweka mbele ya nyumba yao ya kuswalia, wakilikanyaga wanapoosha miguu kabla ya kuingia kuswali. Yaani kwa miaka isiyojulikana idadi watu walitia udhu juu ya sheria za babu zao bila kujua. Sayid Husin alilichukua, akalifikisha kwa Sultani, nalo likawekwa juu ya kilima cha Bukit Puteri mjini. Baadaye lilipelekwa Singapore, kisha Kuala Lumpur, mpaka likarudi kwao.

Maandishi yake ni ya mwezi wa Rajabu mwaka 702 Hijria, sawa na 1303. Wanazuoni wanabishana kuhusu mwaka huo, kwa sababu pale jiwe lilipovunjika huenda kulikuwa na tarakimu zaidi, na hesabu ikasogea mbele hata miaka 80 na zaidi. Hata wakishinda wanaolisogeza mbele, bado ni miongoni mwa vielelezo vikongwe kabisa vya Kimalei kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandiko unaoitwa Jawi. Mwaka 2009 UNESCO ililiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Msomaji wa Zanzibar atakumbuka msikiti wa Kizimkazi Dimbani na maandishi yake ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kizimkazi ni kongwe zaidi kwa takriban karne mbili, lakini maandishi yale ni ya Kiarabu. Jiwe la Terengganu limefanya jambo jingine: limechukua herufi za Waarabu na kuzilazimisha ziseme lugha ya nyumbani. Mtu yeyote aliyewahi kuona barua ya kale ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu anaijua kazi hiyo, ya kutafutia herufi sauti kama ch, p, ng na ny ambazo Mwarabu hana. Wamalei waliziongezea baadhi ya herufi nukta, Waswahili nao wakahangaika kwa njia zao.

Yaliyomo ni amri. Mtawala anawataka watu wake washike Uislamu, kisha anataja mambo ya madeni na adhabu za zinaa. La kusisimua zaidi ni jina la Mungu. Mwandishi wa jiwe anatumia Dewata Mulia Raya, maneno yaliyokulia katika Kisanskriti cha enzi za Wahindu na Wabudha. Dini mpya ilikuwa imeingia, ila ulimi ulikuwa bado haujahama. Kabati zima la makumbusho lingeweza kujazwa vitabu kueleza jambo hilo, na jiwe linalieleza kwa maneno matatu.

Neno kuala katika jina la mji lina maana ya mahali mto unapoingia baharini, na Kuala Terengganu ni hilo hasa: mlango wa mto wenye mji kando yake. Gati la katikati ya mji linaitwa Shahbandar, cheo cha kale cha mkuu wa bandari. Atakayelitamka atasikia bandari yake mwenyewe ikimwitikia. Hatua chache kutoka hapo kinasimama kilima cha Bukit Puteri, chenye mabaki ya ngome ya karne ya 19, mizinga, na kengele kubwa ya shaba waliyoiita genta. Kengele hiyo ilipigwa kuwatahadharisha watu: moto, adui, au mtu aliyepandwa na wazimu wa kuua ovyo, hali ambayo Wamalei wanaiita amok. Chini ya kilima lipo jumba la Istana Maziah, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 baada ya jumba la awali kuungua. Bado hutumika kwa shughuli za kifalme, kwa hiyo mgeni hutazama kutoka langoni.

Kutoka kilimani hadi Kampung Cina ni mwendo wa kutembea tu. Ni mtaa mmoja mrefu wa maduka ya ghorofa yenye rangi za kung'aa, ambako Wachina walikaa vizazi vingi, wakaoleana na wenyeji, wakajifunza kupika na kusema kama Wamalei. Hekalu la Ho Ann Kiong, lililojengwa mwaka 1801 kwa ajili ya Mazu, mlinzi wa mabaharia, liliteketea kwa moto mwaka 2010 na likajengwa upya. Katika kichochoro kimojawapo, Lorong Penyu, kuta zimepambwa kwa vipande vya vigae vinavyosimulia kisa cha kasa. Kisa hicho kitarudi mbele kidogo.

Soko kuu ni Pasar Payang. Humo kuna batiki, vyombo vya shaba, samaki wakavu, na songket, kitambaa kinachofumwa kwa nyuzi za dhahabu na fedha ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2021. Wauzaji wengi ni wanawake, na si jambo jipya: Abdullah bin Abdul Kadir, yule mwandishi maarufu kwa jina la Munshi Abdullah, alipopita huku mwaka 1838 aliwakuta wanawake ndio wameshika biashara, na kalamu yake haikuwaonea huruma wanaume. Songket halisi ni ghali kwa sababu fundi hufuma sentimita chache tu kwa siku. Ikiwa bei ni ya khanga, hiyo si songket.

Halafu kuna majengo mapya, ambayo ndiyo hujaza picha za matangazo. Nyuma yake iko fedha ya mafuta: tangu miaka ya 1970 mafuta na gesi huchimbwa baharini mbele ya jimbo hili, na mji wa Kerteh, upande wa kusini, umekuwa wa mabomba na matangi. Msikiti wa Kristali, wa chuma na vioo, ulifunguliwa mwaka 2008 kwenye kisiwa cha Wan Man katikati ya mto, ndani ya bustani yenye vijumba vya mfano wa majengo mashuhuri ya Kiislamu duniani. Vijumba hivyo vinaweza kurukwa bila kujuta. Taj Mahal iliyopunguzwa haimshangazi mtu. Msikiti wenyewe unahitaji saa ya magharibi, taa zinapowaka ndani na maji kuanza kuurudia. Daraja la kuinuka la mita 638, lililofunguliwa mwaka 2019 kwenye mdomo wa mto, ni kazi kubwa ya uhandisi, ila minara yake inamkumbuka mjomba wa London kuliko baba wa Terengganu. Zaidi ya yote hayo, wa kuupenda ni msikiti mweupe wa Tengku Tengah Zaharah huko Kuala Ibai, uliokamilika mwaka 1995. Umejengwa juu ya nguzo ndani ya wangwa, na alfajiri, maji yakiwa yametulia, huonekana kama umetia nanga.

Upande wa pili wa mji, ndani ya mlango wa mto, kipo kisiwa cha Duyong. Jina lake ni nguva, na Kiingereza kimeazima jina la mnyama huyo kutoka Kimalei hichohicho. Hapa ndipo Terengganu ilipojipatia sifa iliyovuka bahari kabla ya mtalii wa kwanza kuzaliwa, kwa kuunda vyombo vya mbao.

Fundi wa Duyong hachori. Hana karatasi, hana kipimo cha ofisini. Chombo kimo kichwani mwake na mkononi mwake. Huanza na mkuku, kisha hupandisha mbao za ubavuni moja baada ya nyingine, akizipinda kwa moto. Mbao zenyewe ni za cengal, mti mgumu na mzito unaomkejeli mchwa. Haziungwi kwa misumari. Hutobolewa ukingoni, zikapigiliwa vijiti vya mbao ngumu vinavyoingia huku na huku, na katikati ya ubao na ubao hulazwa gome jembamba la mti wa gelam. Chombo kikiingia majini, gome hunywa maji, hufura, na kuziba kila upenyo. Kalafati, kwa hiyo, inafanywa na bahari yenyewe. Ubavu ukishasimama ndipo mataruma huwekwa ndani, tofauti na Wazungu wanaoanza na mifupa na kumalizia na ngozi.

Mswahili hawezi kuusoma utaratibu huo bila kuukumbuka mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja. Mafundi wa bahari mbili waliotatua tatizo lilelile, la ubao ushike bila chuma, wakapata majibu mawili: mmoja akashona, mwingine akapigilia vijiti. Majina ya wakubwa wa chombo, hata hivyo, hayakutofautiana. Nahodha wa Kimalei ni nakhoda.

Vyombo vikubwa vya matanga vilivyobeba chumvi, mpunga na samaki wakavu hadi Siam na Singapore vimekwisha. Mbao za cengal zimepanda bei, boti za faiba ni nafuu, na mafundi waliobaki Duyong wanahesabika kwa vidole. Baadhi yao wameendelea kwa kuwaundia wageni mashua za anasa, jambo ambalo mtu anaweza kulisikitikia au kulishukuru. Kisiwani ipo pia Kota Lama Duyong, nyumba ya mkubwa mmoja wa zamani iliyojengwa miaka ya 1920, mchanganyiko wa mbao za Kimalei na nguzo za kizungu. Ikarabatiwe vipi, mvuto bado uko kule karakanani, kwenye vumbi la mbao na mlio wa tezo.

Kuhusu chakula, mgeni kutoka Afrika Mashariki ajihadhari na neno nasi. Si nazi. Ni wali. Kisha atacheka zaidi akigundua kuwa nasi dagang, chakula cha asubuhi cha Terengganu, ni wali uliopikwa kwa tui la nazi, ukatiwa uwatu na vitunguu, ukaliwa na mchuzi mzito wa jodari. Jina lake lina maana ya wali wa biashara. Keropok lekor ni kitu kingine: samaki waliotwangwa na kuchanganywa na unga wa sago, wakaviringishwa kama soseji, wakachemshwa au kukaangwa, kisha wakachovywa katika pilipili tamu. Ya Losong ndiyo inayosifiwa. Huliwa moto moto, umesimama, na ikipoa hutafunika kama kandambili.

Fukwe za bara zimepangana kutoka kaskazini hadi kusini kiasi kwamba barabara ya pwani inaonekana kama imeogopa kuziacha. Batu Buruk, ufuko wa mjini, ni wa jioni: tiara angani, watoto, msururu wa vibanda vya chakula. Kuogelea hapo si busara, kwani mkondo una nguvu na umeshaua watu. Penarik, upande wa kaskazini, ni minazi na utulivu. Kemasik, kusini kabisa, ina miamba inayoukata mchanga na kidimbwi cha maji nyuma yake, na bila shaka ndiyo nzuri kuliko zote za bara kwa macho.

Lakini ufuko wenye kisa ni Rantau Abang, karibu na Dungun. Hapa, kila mwaka, walikuwa wakipanda kasa wakubwa kuliko wote duniani, wale wenye mgongo wa ngozi badala ya gamba, wanaoweza kupita urefu wa mita moja na nusu na uzito wa mamia ya kilo. Wamalei wanamwita penyu belimbing, kwa sababu mgongo wake una matuta marefu kama tunda la belimbing. Neno hilo lina ndugu Zanzibar: ni bilimbi.

Katika miaka ya 1950 viota vya kasa hao Rantau Abang vilihesabiwa kwa maelfu, hadi kupita 10,000 kwa mwaka mmoja. Kufikia miaka ya 1990 vilikuwa vimeshuka hadi makumi, na miaka ya 2000 ikaja na misimu ya kiota kimoja, viwili, au hakuna. Mayai yalikusanywa na kuuzwa kizazi baada ya kizazi. Nyavu za wavuvi baharini ziliwanasa wakubwa. Watalii walijaa usiku na tochi zao, wengine wakithubutu kumpanda mnyama akiwa katika uchungu wa kutaga. Hata msaada ulikosea njia: mayai yaliyohamishiwa kwenye vitalu vya kutotoleshea yalizikwa katika mchanga wenye joto, na kwa kuwa jinsia ya kasa huamuliwa na joto la kiota, karibu vifaranga wote walitoka majike. Majike bila madume hayaijazi bahari.

Mwaka 1983 hoteli ya Tanjong Jara na kituo cha wageni cha Rantau Abang, vilivyojengwa kwa mbao kwa kufuata majumba ya kifalme ya Kimalei, vilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Ni tuzo iliyostahili. Ila kituo kilijengwa kwa ajili ya watu wa kuja kumtazama mnyama ambaye tayari alikuwa akiaga.

Sheria ilichelewa. Mayai ya kasa wa aina nyingine yaliendelea kuuzwa waziwazi katika soko la Kuala Terengganu, yamepangwa mafungu kama ndimu, hadi tarehe 1 Juni 2022, jimbo lilipopiga marufuku biashara ya mayai ya kasa wote. Kazi ya kuokoa ilikuwa imeanza mapema zaidi kwingineko: katika kisiwa cha Redang, kwenye ufuko wa Chagar Hutang, watafiti wa chuo kikuu, wakiongozwa na mwanabiolojia Chan Eng Heng, walianza mwaka 1993 kulinda viota palepale vilipotagwa, bila kuvihamisha. Chan ndiye pia aliye nyuma ya kile kichochoro cha vigae cha Kampung Cina. Kasa wa kijani wanaendelea kutaga Chagar Hutang, na watu wa kujitolea hupokea zamu za usiku huko bila taa.

Redang yenyewe ndiyo kisiwa chenye jina. Filamu moja ya Hong Kong ya mwaka 2000, iitwayo Summer Holiday, ilipigwa hapo, na tangu hapo wapenzi wa Kichina wamekuwa wakija kupiga picha pale waigizaji waliposimama. Mchanga wake ni mweupe kama unga wa sembe, na matumbawe huanza pale mtu anapopoteza kina. Perhentian, maana yake mahali pa kusimama, palikuwa pa kupumzikia vyombo vya biashara; leo ni vya vijana wenye mabegi mgongoni, hasa kisiwa kile kidogo, ingawa kijiji cha wavuvi na msikiti wake juu ya maji bado ndicho chenye kauli ya mwisho kuhusu mavazi. Kapas ni kidogo, kiko karibu na bara, na kinamtosha mtu mwenye siku mbili na kitabu kimoja.

Bidong haiko katika matangazo mengi. Kutoka mbali ni kisiwa kama vingine, kilima cha kijani na mstari wa mchanga. Agosti 1978 kilifunguliwa kuwa kambi ya Wavietnamu waliokimbia nchi yao baada ya vita, wakivuka bahari hii hii katika mashua za mto ambazo hazikuumbwa kwa mawimbi. Kufikia katikati ya mwaka 1979 watu wapatao 40,000 walikuwa wamebanana katika eneo linalokaribia kilomita moja ya mraba. Walijenga vibanda vya ghorofa kwa mbao za mashua zao zilizovunjika, wakafungua shule, kanisa, hekalu, vinyozi, mafundi cherehani. Hadi kambi ilipofungwa mwaka 1991, takriban watu 250,000 walikuwa wamepitia hapo kuelekea Marekani, Kanada, Australia, Ufaransa na kwingineko. Baadhi yao hurudi sasa, wazee wakiwa na wajukuu wasiojua Kivietnamu, kutafuta kaburi au mahali kibanda kilipokuwa. Boti za wazamiaji husimama pia, kwani matumbawe ya Bidong ni mazuri. Si vibaya kuzamia hapo. Ila mtu atakayefika na apande kwanza hadi kwenye mabaki ya kambi, kabla hajavaa miwani ya maji.

Jambo la mwisho ni la tiketi. Boti za Redang huondoka Merang. Boti za Kapas huondoka Marang. Ni miji miwili, mmoja kaskazini ya Kuala Terengganu na mwingine kusini yake, na herufi moja ndiyo inayoitenganisha. Madereva wa teksi wa huko wamechoka kurudisha wageni waliotamka vibaya. Za Perhentian huondoka Kuala Besut, ambako hapana utata. Soma jina lililoandikwa kwenye tiketi yako mara mbili, umwonyeshe dereva kwa kidole, na kama imeshafika Novemba, nenda kwanza ukalitazame lile jiwe.